Kama Huna Haja Naye, Ulimvutia Nini?

Nilikuwa nimekaa ukingoni mwa kiti cha gari, mlango wazi, navua viatu vyenye misumari, pale kwenye maegesho karibu na daraja la Sagamore, kwenye Mfereji wa Cape Cod, Massachusetts, Marekani. Simu ikalia. Ujumbe wa sauti kutoka Kigombe, Tanga, kwa mjomba. Muda si mrefu nilikuwa nimemtumia video: straipa (striped bass, samaki wa mistari wa pwani ya Atlantiki) mkubwa ametulia ndani ya maji, kidole gumba changu kimo mdomoni mwake, mara mkia unapiga, maji yanaruka, samaki hayupo.

Mjomba hakuanza na samaki. Aliuliza kama watoto hawajambo, akauliza baridi imepungua au bado ipo, akanipa salamu za mama na za majirani. Ndipo akasema, taratibu kama kawaida yake:

"Samaki nimemuona. Mzuri, mashallah. Sasa mjomba, kama huna haja naye, ulimvutia nini?"

Ujumbe ukaishia hapo.

Swali hilo limenikaa wiki na wiki. Nimelijibu njiani nikiendesha, nimelijibu kazini usiku nikizunguka na kipima joto, nimeliandikia jibu refu kwenye simu nikalifuta lote. Leo nalijibu hapa, na sina budi kuanza na jigi, chambo cha risasi kinachozama mpaka chini, maana bila jigi yule samaki nisingekutana naye.

## Jua likishatoka

Wanaovua Mfereji wa Cape Cod wanajua saa zake. Juni jua linachomoza saa 11 na dakika chache alfajiri, na straipa hula juu ya maji kabla ya hapo na muda mfupi baada yake, hasa mwezi ukiwa mpya au mpevu. Watu wanajipanga juu ya mawe ya kingo, bega kwa bega, wanatupa chambo cha mbao kinachorukaruka juu ya maji, na samaki wanapasua maji kwa kishindo unachokisikia kabla hujakiona. Jua likipanda, kishindo kinakwisha. Watu wanafunga fimbo zao kwenye baiskeli, wanakwenda kutafuta kahawa.

Mimi zamu yangu inaisha saa 1 asubuhi, Worcester. Hata nikitoka mbio, sifiki majini kabla ya saa 3 kasoro. Kwa miaka nilikuwa nafika wakati wenzangu wanaondoka, natupa chambo changu juu ya maji matupu, narudi nyumbani kulala.

Aliyebaki siku zote ni mzee mmoja wa Wareham, ambaye wazazi wake walitoka Cape Verde. Alikuwa hana haraka. Alivua jua likiwa utosini, mahali ambapo mimi ningeapa hapana kitu, na kila nilipopita alikuwa ama ameinama anatoa ndoana mdomoni mwa samaki, ama amesimama wima, ncha ya fimbo ikipanda na kushuka kidogo kidogo. Siku moja nilimwamkia, nikamwuliza kwa nini samaki hawamkimbii yeye.

"Samaki hawajaondoka," akaniambia. "Wameshuka."

## Risasi na manyoya ya kulungu

Akafungua kibati chake akanionyesha. Jigi lenyewe ni kitu cha kawaida mno: kipande cha risasi chenye umbo la kichwa, ndoana moja kubwa inayotokea juu yake, na manyoya meupe ya mkia wa kulungu yaliyofungwa shingoni kwa uzi mwekundu. La kwake lilikuwa limeshapoteza rangi yote puani kwa kugonga mawe. Risasi imebaki tupu, inang'aa. Wavuvi wa zamani wa hapa walikuwa wanachomeka nyuma ya ndoana kipande cha ngozi ya nguruwe kilichotiwa chumvi, ili kipepee majini. Mimi naweka mkia laini wa plastiki. Unatikisika vizuri, na moyo wangu unatulia.

Namna ya kulitumia aliniambia kwa maneno machache, na nimehitaji muda mrefu kuyaelewa.

Unasimama juu ya mawe, unatupa mshazari kuelekea kule mkondo unakotoka. Unaliacha jigi lizame. Uzi usikaze na usilegee: ukikaza, mkondo unalibeba jigi na halifiki chini, ukilegea, samaki anakula na kutema nawe huna habari. Likifika mbele yako liwe limeshagusa chini. Unasikia "ko", jiwe. Unainua ncha ya fimbo kidogo tu, mkondo unalisogeza mbele, unalishusha. Ko. Unainua tena, unashusha tena, mpaka jigi limepita, limekwenda chini ya mkondo na kuanza kupanda lenyewe. Unakunja uzi, unatupa upya.

Samaki anakula wakati jigi linashuka. Hilo ndilo jambo lote. Anaona kitu kimeruka kutoka mawe ya chini kisha kinazama kama kinachokufa, anakifuata. Na mara nyingi hakupigi mkono kwa nguvu.

Unachosikia ni kwamba ile "ko" haikuja.

Kwa mtu aliyezoea kuona maji yakipasuka, hili ni gumu kuliko linavyosomeka. Unatakiwa uvute kwa sababu ya kitu ambacho hakikutokea. Nilitupa, nikasikia mawe, nikanasa mawe, nikakata uzi, nikafunga jigi jingine. Chini ya Mfereji kuna mawe makubwa na yanakula risasi bila huruma. Nilianza kufikiri kwamba mbinu hii ni ya wazee waliozaliwa kando ya maji haya, na kwamba mimi nimechelewa kuianza.

## Bahari mbili zisizolingana saa

Mtu wa Tanga hafundishwi maji kujaa na kupwa. Bamvua nalijua, maji mafu nayajua. Kwetu maji hupanda zaidi ya mita 3 wakati wa bamvua na mtoto wa pwani anapanga siku yake kwa hayo. Nilidhani ujuzi huo ungenisaidia moja kwa moja. Haukunisaidia mpaka nilipoelewa kwamba Mfereji si pwani.

Mfereji ni njia iliyochimbwa na kufunguliwa mwaka 1914, kisha ikapanuliwa miaka ya 1930 mpaka kufikia upana wa karibu mita 146 na kina cha karibu mita 10. Upande wa mashariki ni ghuba ya Cape Cod, ambako maji hupanda na kushuka kama mita 2.7. Upande wa magharibi ni Buzzards Bay, kama mita 1.2 tu. Na saa zao zinapishana kwa takriban saa 3. Kwa hiyo karibu saa zote upande mmoja uko juu kuliko mwingine, na maji yanakimbia kutoka huku kwenda kule, kisha baada ya saa 6 hivi yanageuka. Mkondo ukikaza hufika kilomita 7 kwa saa na zaidi; mtu mwenye mwendo mzuri hawezi kutembea sambamba nao. Halafu unalegea, unasimama kidogo, unaanza kurudi ulikotoka.

Maana yake kwa jigi ni hii: jigi la wakia 4 linalogusa chini vizuri saa hii, baada ya nusu saa ni zito mno, linajikita mawe na halitoki. Na lile la wakia 2 lililokuwa linapeperushwa juu kabisa sasa ndilo linalofaa.

Niliona watu wengi, nami nikiwemo, wakibadilisha rangi. Nyeupe haijala, weka ya kijani. Ya kijani haijala, weka ya waridi. Yule mzee sikumbuki kumwona akibadilisha rangi. Alibadilisha uzito. Mkondo ukilegea kidogo anafungua kibati, anashuka nusu wakia. Ukianza upya anapanda. Mawe yakimgonga kila sekunde, anapunguza. Yakinyamaza, anaongeza. Chini kwake palikuwa mahali anapopatafuta upya kila mara.

Siku nilipoanza kufanya hivyo ndipo nilipoanza kuvua.

Na kulikuwa na jambo la pili, ambalo lilitoka nyumbani. Utotoni mjomba alinivusha miamba ya Kigombe na ngalawa, akanipa mshipi wa mkono na chubwi, akanionyesha jinsi ya kuulaza juu ya kidole cha shahada. Changu hudonoa haraka haraka. Chewa hubeba na kuelekea pangoni, usipomzuia hapo hapo umempoteza. Yote hayo yalikuwa kidoleni. Hapa nilikuwa nimeshika fimbo ya futi 11 kwa mikono miwili na kusubiri fimbo inifanyie kazi. Niliposogeza mkono mbele ya rili na kuulaza uzi wa kusuka juu ya kidole kile kile, chini ya Mfereji kukaja juu. Nilianza kutofautisha jiwe na kokoto, kokoto na mwani. Nikasikia "ko" isiyokuja, nikavuta, na kwa mara ya kwanza upande wa pili ukavuta pia.

Alikuwa na inchi 29. Sheria ya sasa inaruhusu samaki mmoja kwa siku, kuanzia inchi 28 na asifike 31, yaani karibu sentimita 71 hadi 79. Nilimpeleka nyumbani, mke wangu akamchoma nusunusu, akampaka nazi nzito yenye ukwaju na pilipili, tukamla kwa mkono pamoja na majirani Wakongo wa ghorofa ya chini. Kwa muda wa miezi hiyo ndiyo ilikuwa hadithi nzima: mtu kajifunza kuvua, watu wamekula.

## Yule wa video

Siku ya video nilikuwa tayari nimeshapata wangu. Alikuwa kwenye barafu, amepimwa, halali. Mkondo ulikuwa unaanza kulegea, saa nzuri kuliko zote kwa jigi, na jigi la wakia 3 lilikuwa linagusa chini kwa raha. Nikatupa tena.

"Ko" haikuja.

Sitaki kuitia chumvi ile vita. Alikuwa mzito, alikwenda na mkondo, nikatembea juu ya mawe yenye utelezi nikimfuata mpaka akachoka. Nilipomfikia aligeuka ubavu na nikamwona kwa karibu kuliko nilivyowahi kumwona straipa yeyote. Mistari yake, saba au minane, imenyooka kutoka kichwani hadi mkiani, isipokuwa mahali pawili juu ya tumbo ilipokatika na kuhama kidogo. Mgongo wa kijani kilichokolea, ubavu wa fedha wenye mng'ao wa zambarau ukimgeuza. Karibu na mkia alikuwa na chawa wa baharini, wadogo, kahawia, wameng'ang'ania: ishara kwamba ametoka bahari kuu karibuni, ndiyo kwanza anapita hapa kuelekea kaskazini. Straipa hana meno ya kukata, mdomo wake wa chini ni kama msasa, na ukimshika hapo kwa kidole gumba anatulia. Nilimlaza kando ya utepe bila kumtoa majini. Alipita inchi 40.

Samaki wa ukubwa huo ana zaidi ya miaka 10, na mara nyingi ni jike. Huyu alikuwa mkubwa kwa umri kuliko mwanangu wa pili. Kijana mmoja aliyekuwa anapita na baiskeli akanishikia simu. Nikamwelekeza samaki kichwa kwenye mkondo, maji yakapita matamvuani, akaanza kukaza taya juu ya kidole changu, akaenda.

Nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nayo kwa muda mrefu. Ndiyo nikamtumia mjomba.

## Majibu niliyoyafuta

Jibu la kwanza lilikuwa la sheria. Mjomba, samaki aliyefika inchi 31 hapa haruhusiwi kuchukuliwa, nilikuwa sina hiari. Ni kweli, ila si jibu. Sheria iliniamuru nimrudishe. Haikuniamuru nitupe mshipi mara nyingine hali kitoweo nimeshapata.

Jibu la pili: jigi halina macho, huwezi kuchagua nani ale. Hilo nalo ni kweli, mpaka pale unapokuwa umepata unachokihitaji. Baada ya hapo hakuna tena cha kuchagua.

Jibu la tatu: nilikuwa najifunza. Hili nililishikilia siku nyingi, kwa sababu lina uzito. Mkono haujifunzi kwa maelezo; unajifunza kwa samaki. Kila aliyekula jigi langu alinifundisha kitu kuhusu chini ya maji ambayo sitayaona kamwe.

Lakini nililolifuta mwisho, na kuliandika tena, na kulifuta, lilikuwa fupi zaidi ya yote. Nilipenda. Nilipenda kujua kwamba yupo, kumsikia kabla ya kumwona, kuvutana naye. Nililelewa katika chuo cha Kurani ambapo mwalimu alitukanya tukilenga ndege kwa manati bila ya kukusudia kuwala: kiumbe chenye roho hakifanywi shabaha. Nimewafundisha wanangu maneno hayo hayo. Sasa nasimama juu ya mawe nikimvuta mdomo samaki mwenye umri mkubwa kuliko mwanangu, kwa ajili ya kupenda.

Watu wa hapa wana jibu la tayari: amerudi mzima, hakuna aliyedhurika. Wengi wanalisema kwa nia njema na nimelisema mimi pia. Nikaamua kulichunguza.

## Mmoja kati ya kumi na mmoja

Tume inayosimamia samaki wa pwani ya Atlantiki, inayounganisha majimbo kuanzia Maine hadi Florida, haihesabu straipa aliyerudishwa kuwa ni mzima tu. Katika hesabu zake inachukulia kwamba asilimia 9 ya wanaorudishwa na wavuvi wa burudani wanakufa baadaye. Mmoja kati ya kila 11. Anazama huko, hakuna anayemwona. Wengine hupona karibu wote, kama maji ni ya baridi na ndoana ni moja. Wengine hufa zaidi, kama maji ni ya moto na wamevutwa muda mrefu. Asilimia 9 ni wastani wa wote hao.

Na wanaorudishwa kila mwaka pwani nzima ni mamilioni. Kwa hiyo wale wasiokuwa na haja naye, nikiwemo mimi, wanaua straipa wengi mno bila ya kumla hata mmoja wao.

Hili lingekuwa jambo dogo kama samaki mwenyewe angekuwa na hali nzuri. Hana. Na si mara ya kwanza. Mwaka 1639 koloni la Massachusetts lilipiga marufuku kutumia straipa na chewa wa bahari ya baridi (cod) kuwa mbolea ya mashamba; watu walikuwa wanawazika shambani kwa sababu walionekana hawaishi. Miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980 walikaribia kuisha kweli. Bunge la Marekani likapitisha sheria ya kuwalinda mwaka 1984, Maryland ikafunga uvuvi wake wote wa straipa kuanzia 1985 hadi 1990, na mwaka 1995 wakatangazwa kuwa wamerudi. Watu walikubali kukaa bila samaki, na samaki akarudi. Nikisoma hayo napata moyo kuliko nikisoma mambo mengi mengine ya nchi hii.

Lakini mwaka 2019 tathmini ikaonyesha wamevuliwa kupita kiasi tena. Wengi wao huzaliwa kwenye mito ya ghuba ya Chesapeake, na Maryland, ambayo imekuwa ikihesabu watoto wa straipa huko tangu 1954, imepata hesabu ya chini ya wastani kila mwaka kuanzia 2019 hadi 2025. Ndiyo sababu mwaka 2023 kikomo cha juu kilishushwa kwa dharura kutoka inchi 35 hadi 31: kuwanusuru waliozaliwa 2015, kizazi chenye wingi, wapate kukua na kutaga. Jike mkubwa hutaga mayai kwa mamilioni. Yule wa inchi 40 ndiye hasa ambaye sheria yote hii imeandikwa kwa ajili yake.

## Waliozama

Ijumaa moja baada ya swala nikampigia mjomba. Shikamoo, marahaba, mama, watoto, mvua. Nikamweleza yote: inchi, mayai, Maryland, asilimia 9. Mjomba amevua maisha yake yote na hajapata kuona samaki akipimwa kwa utepe ili arudishwe, lakini alinisikiliza mpaka mwisho. Akakaa kimya kidogo.

"Unawakumbuka watu wa baruti?"

Nani wa Tanga asiyewakumbuka. Tuliisikia tukiwa darasani, mlio mzito unaopitia ardhini kabla ya kufika masikioni, na mwalimu anaendelea kuandika ubaoni. Kwa miaka mingi baruti ilivunja miamba yetu, mpaka serikali ilipokuja kuwabana kwa nguvu miaka ya karibuni.

"Wale walikuwa wanaokota wanaoelea," mjomba akasema. "Mimi nilizamia nyuma yao. Waliolala chini ni wengi kuliko waliochukuliwa. Na ukimwuliza mtu wa baruti leo umepata wangapi, anakuhesabia waliomo chomboni."

Nikamwambia mimi sivui kwa baruti.

"Najua. Nakwambia uhesabu wote."

Jigi halivunji mwamba, na ndoana moja haiui wadogo wasio na hesabu. Mjomba hakunilinganisha nao. Alichokifanya ni kuichukua ile asilimia 9, ambayo mimi niliisoma kwenye ripoti, akaiweka mahali ninapopajua tangu utotoni. Baada ya hapo sikuweza tena kusema "amerudi mzima" na kuishia hapo.

## Ninavyovua sasa

Sijaacha jigi. Nimezidi kulipenda, na sababu zangu zimebadilika.

Vile vyambo vya mbao vya alfajiri vingi vina ndoana mbili au tatu, kila moja ina meno matatu. Samaki akivikosa kwa mdomo vinamnasa jicho, shavu, matamvua. Jigi lina ndoana moja, na kwa kuwa linaliwa likishuka huku uzi umekaribia kukaza, karibu kila mara linashika pembeni mwa mdomo. Unalitoa kwa mkono mmoja, samaki akiwa bado majini. Kama ni samaki ambaye kwa sheria huenda ukalazimika kumrudisha, na kwa hali yake afadhali arudi, basi hiki ndicho chombo chake. Kwa hiyo hata siku nisizo na zamu, ninapofika alfajiri na watu wanarusha mbao, mimi natupa risasi chini. Wakati ule napata wachache kuliko wao. Sawa.

Kile kijino cha nyuma kinachozuia ndoana isitoke nakibana kwa koleo mpaka kilale. Nilihofia nitawapoteza wengi. Uzi ukibaki umekaza hawatoki, na wakitoka wametoka. Nimehamia kwenye uzi na fimbo nzito zaidi ili asichoke sana kabla hajafika. Agosti maji yakipata joto mchana sivui kabisa, hata kama wenzangu wanapata.

Na nikipata wa kula, nafunga.

Hili la mwisho ndilo gumu, na wavuvi wenzangu wananibishia. Mtu ameendesha saa moja na nusu, amelipa mafuta, amekesha kazini, samaki wa kwanza anaingia ndani ya inchi zake mapema mno, halafu akunje fimbo? Wapo wanaosema kwamba fedha za vibali na vifaa vya wavuvi wa burudani ndizo zinazolipia utafiti na ulinzi wa samaki huyu, na kwamba asiyevutwa na furaha ya kumvua hatamtetea siku ya kutetewa. Hoja hiyo ni nzito na sina cha kuipindua. Miaka ya 1980 straipa alinusuriwa kwa sehemu kubwa na watu waliompenda kwa kumvua.

Lakini swali la mjomba halikuwa kwao. Lilikuwa kwangu, na mimi najua nilichofundishwa kuhusu manati. Kutafuta wa kula ni jambo ninaloweza kulitetea mbele ya mtu yeyote, hata kama kabla ya kumpata nitarudisha wawili watatu wasiofika au waliozidi. Nikiendelea baada ya hapo sina la kumwambia. Kwa hiyo nafunga, nakaa juu ya mawe na chupa ya chai, nawatazama wengine. Nimejifunza mengi kwa kutazama. Ukikaa kimya unaanza kuona mkondo unavyolegea kwanza kandokando kabla ya katikati, na unajua ni nani atakayenasa mawe kabla hajanasa.

Nilimtumia mjomba maelezo haya kwa ujumbe wa sauti, marefu kupita kiasi. Alijibu siku ya pili. Alitaka kujua kama ndoana isiyo na kijino inafaa kwa kolekole.

Juni hii kuna watu wa jamaa zetu wa Worcester na Lowell walioniomba niwafundishe jigi. Karibuni. Kibali cha maji ya chumvi kinapatikana kwa simu, kila mtu awe na chake. Njooni na viatu vya misumari, maana mwani juu ya yale mawe hauna mzaha, na njooni na utepe wa kupimia. Angalieni inchi kwenye tovuti ya jimbo kabla ya kutoka, zinaweza kubadilika mwaka hadi mwaka. Mtu akishapata wake anakunja fimbo na kumsaidia jirani. Majigi ya wakia 2, 3 na 4 ninayo ya kuazima, vijino vyote nimeshavibana.